Mkono wa Madamu Sabiha

Jumatatu, 28 Oktoba

Msimu wa zeituni umefunguliwa leo na mvua imeufunga leo hii hii. Wachumaji hawapandi miti matawi yakiwa yanateleza. Mashine za kukamua kule Agareb zimelala, nasi hapa kitivoni hatuna mafuta mapya ya kupima.

Madamu Sabiha, profesa wangu, alitumia nafasi hiyo kunikutanisha na msichana mrefu mwenye kucha nyeusi kwa grisi.

"Ghazi, huyu ni Olfa, anasomea shahada ya uzamivu ya uhandisi wa mitambo. Atatutengenezea kishikizi cha kioo kinachojizungusha chenyewe. Utamsaidia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kazi yetu yote imesimama juu ya kioo hicho. Mafuta halisi ya zeituni yakipigwa mwanga wa leza ya kijani hung'aa wekundu. Ukiweka mbele ya wekundu huo kioo kinachopitisha mwanga wa upande mmoja tu, halafu ukakizungusha kidogo kidogo, wekundu unapanda na kushuka, na jinsi unavyopanda na kushuka ndiyo inatuambia kama mafuta yamechanganywa. Miaka yote Madamu amekizungusha kwa vidole vyake, gizani, akisoma namba za digrii kwa kitochi kidogo. Nikijaribu mimi, mchoro wa vipimo vyangu unatoka kama meno ya msumeno.

"Kwani mkono una ubaya gani?" niliuliza.

"Mimi nastaafu mwakani," alisema. "Mkono nitaondoka nao."

Vishikizi vya kununua vipo, vinatoka Ulaya. Kitivo kimekataa hata kuijadili bei yake, na hata kingekubali, vingefika zeituni zikiwa zimekwisha.

30 Oktoba

Olfa amekula mkate wa samaki na harisa, ile pilipili nyekundu ya kusaga, juu ya meza ya leza. Nimeifuta meza mara mbili. Hakuona haya.

4 Novemba

Jua. Wachumaji wamerudi mitini, na mchana Ami Mabruk akaleta chupa za kwanza mwenyewe, zimefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Ni mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa Agareb, mzee mwenye sauti ya kuongea na watu walio mbali. Mwaka jana mnunuzi mmoja mkubwa aliyakataa mafuta yao, akidai yamechanganywa na mafuta rahisi ya mbegu. Neno likaenea, wakaishia kuyauza kwa watengeneza sabuni. Januari jopo la wanunuzi litakaa tena, na ushirika umemwomba Madamu apime kila tangi na kusema mbele yao alichokiona.

"Wakitukataa tena, dada yangu, watu wataanza kung'oa miti," alimwambia Madamu. "Kuna wawili wameshauliza bei ya kuni."

Olfa alikuwa chini ya meza akitafuta parafujo. Akatoa kichwa. "Ami, miti yenyewe ina umri gani?"

"Alipanda baba wa babu yangu."

"Basi usiwajibu hao wawili," akasema, akarudi chini.

12 Novemba

Kishikizi cha kwanza. Pete ya plastiki kutoka kwenye mashine ya kuchapa maumbo ya idara yao, na mota aliyoichomoa kwenye printa mbovu. Asubuhi alijisifu mpaka nikachoka. "Ghazi, mtazame huyu bwana. Hachoki, haombi kahawa, hanuni kama wewe."

Kufika adhuhuri mota ilikuwa imepata joto, plastiki ikalainika, na pete ikainama taratibu mbele ya macho yetu kama mzee anayesinzia. Olfa aliitazama hadi mwisho, akacheka, akaitupa kwenye pipa.

Nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

13 Novemba

Mvua. Olfa hakuja. Maabara ilikuwa kimya, na kazi haikwenda.

Alhamisi, 21 Novemba

Leo nitaandika kirefu.

Kishikizi cha pili ni cha alumini. Olfa alikaa siku mbili mtaa wa viwandani akisimama nyuma ya mkereza vyuma hadi pete ikatoka alivyotaka. Ni kitu kizuri kukishika, kizito kidogo, baridi, hakina kona ya kukuchana. Tukakifunga mezani, tukashusha mapazia meusi, Madamu akaketi kwenye kiti chake, Olfa akabonyeza.

Kioo kikazunguka. Kwenye skrini mchoro ukaanza kupanda, lakini haukupanda kama mstari, ulipanda ukitetemeka. Kila hatua ya mota ilitikisa pete, pete ikatikisa kioo, na wekundu wote ukawa unatapatapa.

Nilikuwa natafuta neno la kuchoma. Madamu akaniwahi kwa kucheka.

"Maskini," alisema. "Imeambukizwa ugonjwa wangu."

Akanyanyua mkono wake wa kulia mbele ya mwanga wa skrini. Ulikuwa unatetemeka. Si sana, kama jani ambalo ndege ameruka kutoka juu yake. Akatuambia kwa sauti ile ile anayotumia kueleza kanuni ubaoni: ulianza masika, daktari ameupa jina, dawa anakunywa, mumewe anajua na sasa sisi tunajua. Ndipo nikaelewa kwa nini tangu kiangazi amekuwa ananiachia mimi kuandika kila kitu na kufungua kila chupa. Nilikuwa nimelalamika kwa mama kwamba Madamu amenigeuza mtumishi.

Olfa akauliza, "Madamu, unatetemeka wakati wote, au ukishika kitu?"

Nilitamani sakafu inimeze. Madamu lakini alimjibu kama alikuwa anangojea swali hilo miezi yote. "Ukipumzika ndiyo unatetemeka. Nikishika kitu unapungua, ila vidole vinakuwa vizito, havinisikilizi."

"Basi nioneshe ulivyokuwa unafanya zamani. Hata kama vibaya."

Tukarudisha kishikizi cha zamani. Madamu akaweka vidole kwenye ukingo wa pete. Olfa alipiga magoti pembeni, uso karibu kabisa na mkono ule, akimulika kwa simu.

"Mbona umerudi nyuma? Ulikuwa umeshafika kwenye alama."

"Nilikuwa nimeipita. Hiki kina ulegevu. Ukiijia alama mara kutoka kushoto, mara kutoka kulia, kinakupa majibu mawili. Kwa hiyo narudi nyuma kuipita kabisa, halafu naijia tena. Kila mara kutoka upande ule ule."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Tumekaa pamoja muda mrefu, mimi na kishikizi hiki, nimekizoea."

"Na hapo? Umefanya nini hapo?"

Madamu akafikiri. "Nimepumua."

"Unapumua halafu unasoma?"

"Napumua, nasubiri kitulie, ndiyo nasoma. Ukisoma kabla hakijatulia unasoma mkono wako, husomi mafuta."

Olfa alibaki amepiga magoti. Kisha akasema polepole, peke yake, "Mota nayo itapumua."

Madamu alizungusha nusu duara nzima kwa ajili yake. Ilimchukua muda mrefu, na mara mbili vidole vilimkwama. Olfa hakumsaidia wala hakugeuza macho. Hapo nilijua kwamba nimekosea kumhusu huyu msichana, ingawa harisa bado sijaisahau.

Ijumaa, 29 Novemba

Inafanya kazi.

Badala ya gia ameweka mkanda wa mpira unaomeza mtikisiko. Kila hatua mota inarudi nyuma kupita alama, inaijia kutoka upande mmoja, inatulia, ndipo kipokea mwanga kinasoma. Ukiisikiliza gizani, kuna mlio mfupi, mlio mrefu, kimya. Mlio mfupi, mlio mrefu, kimya. Madamu alifumba macho akisikiliza. "Huyo ni mimi," alisema.

Mchoro umetoka laini kama uzi.

3 Desemba

Mvua na upepo. Umeme ulikatika mara tatu. Olfa kaleta bsisa ya mama yake, unga wa kukaanga uliokandwa na mafuta mapya. Tumekula mbali na leza. Sikumwambia chochote, alihama mwenyewe.

Jumatatu, 9 Desemba

Matangi yote ya ushirika yamepimwa. Yote safi. Michoro imepangana kwenye skrini kama ndugu. Madamu alimpigia Ami Mabruk papo hapo, na simu ilipokuwa mezani tukasikia wanawake wa kwenye mashine ya kukamua wakipiga vigelegele.

Ni Olfa pekee aliyekuwa hasemi. Nikamtania, "Leo huna la kujisifu?"

"Mizuri mno," akasema, akiitazama ile michoro.

10 Desemba

Nilipofika asubuhi Olfa alikuwa ameshafika na amevuta mapazia. Kishikizi kilikuwa kinazunguka.

"Kaa," aliniambia. "Kioo chako kikigeuka nusu duara, jibu linatakiwa liwe lipi?"

"Lile lile. Hakina kichwa wala miguu. Ukikipindua juu chini ni kile kile."

"Ndiyo. Sasa sisi tumekuwa tunapima nusu ya kwanza tu, kwa sababu nusu ya pili haina jipya. Leo nimeiacha imalize duara."

Akanionesha. Nusu ya kwanza ilikuwa uzi wetu laini, ule mzuri. Nusu ya pili nayo laini vile vile, lakini haikufanana na ya kwanza. Upande mmoja ulikuwa umelala chini.

Nilitoa sababu zote nilizozijua. Leza imepata joto. Chupa imesogea. Akazisikiliza zote.

"Nimebadilisha chupa. Nimepoza leza. Ni pete, Ghazi. Beringi niliyoweka haijakaa sawa, kioo kimeinama kidogo, kwa hiyo kikizunguka kinausukuma mwanga huku na huku. Kinatulia vizuri, kinasoma vizuri, na kinasema uongo kila mara uongo ule ule. Ndiyo maana yote yalipendeza."

"Ni mwinamo mdogo."

"Ni mkubwa kuliko tofauti tunayoitafuta. Tangi lingeweza kuwa limechanganywa na tusingeliona."

Nikamwambia jambo ambalo silifurahii nikiliandika. Nilimwambia mafuta ya watu wale ni safi, tunawajua, Madamu ameshatoa neno, jopo ni mwezi ujao. Kwa nini tusitengeneze pete taratibu na kuacha majibu yalivyo? Hakunikasirikia. Alinitazama tu kama anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Alimwambia yeye. Madamu aliingia na koti lake la mvua, hata hajalivua, na Olfa akasema kwa sentensi fupi: kishikizi changu kina kosa, majibu ya jana hayafai, kosa ni langu, hili hapa. Akasogea pembeni ili Madamu aone skrini.

Niliogopa. Nimewahi kumwona Madamu akichana tasnifu ya mtu kwa kosa dogo kuliko hilo. Alivua koti, akaketi, akaomba duara lizungushwe tena, na tena. Kisha akaomba simu yake. Vidole havikumtii kwenye kioo cha simu. Nilitaka kumbonyezea, akakataa kwa kichwa, akaendelea hadi akaipata namba.

"Mabruk, kaka yangu. Nilichokuambia jana usikitegemee. Chombo chetu kilikuwa na kosa na mimi sikulikagua kabla ya kufungua mdomo. Sijui bado kama mafuta yenu ni safi. Nikijua nitakupigia."

Ile sauti kubwa ikaja ikiwa ndogo. "Nimeshawaambia watu, dada."

"Najua. Waambie tena, na waambie ni mimi nimesema."

Alipokata simu alimgeukia Olfa. Nilidhani sasa ndiyo atamgombeza. Akauliza, "Beringi nzuri zinapatikana wapi?"

"Tunis."

"Treni ya saa ngapi?"

14 Desemba

Olfa karudi na beringi mbili. Anasema muuzaji alimuuliza ni za gari gani, akamjibu ni za gari lisilotembea.

Jumanne, 17 Desemba

Siku nne tumekuwa tunanyoosha kioo. Chini ya kioo Olfa ameweka parafujo tatu ndogo. Tunapiga leza juu ya kioo, mwanga unaruka na kugonga ukuta wa pili, na kioo kikizunguka, ile nukta ya kijani ukutani inachora duara. Duara likiwa kubwa, kioo kimeinama. Kazi ni kukaza parafujo hadi duara life libaki nukta.

Siku ya kwanza lilikuwa kubwa kama sahani. Jana kama sarafu. Ukikaza hii, ile nyingine inalegea. Mimi nasimama ukutani na penseli, yeye yuko mezani na bisibisi, tunapigiana kelele.

"Kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwani ukuta una kushoto mbili?"

Madamu anakaa katikati na anatuambia tupunguze sauti, mwanga hausikii.

Leo alasiri nilisimama ukutani nikingoja nukta isogee na haikusogea. Nikadhani mota imezimika. Nikageuka, kioo kilikuwa kinazunguka. Olfa aliweka bisibisi chini taratibu sana, akakaa sakafuni, akafunika uso kwa zile kucha zake nyeusi. Nikajua basi kwamba wiki hii yote alikuwa anaogopa, na hakutuachia hata chembe ya hofu hiyo tuibebe.

Nikamletea kahawa. "Usizoee," nikamwambia.

Ijumaa, 20 Desemba

Tumepima upya, duara zima, mara tatu kila tangi. Nusu mbili zinalaliana kama kurasa.

Matangi yote safi, isipokuwa moja. Wekundu wake uko chini na unapanda kivivu. Tulibadilisha chupa, tukasafisha kila kitu, tukarudia. Liko vile vile. Niliangalia namba kwenye chupa, nikaangalia tena. Ni tangi la Ami Mabruk mwenyewe.

Madamu alisema hawezi kumwambia mtu jambo hilo kwa simu. Akaniomba niendeshe gari lake. Njiani wachumaji walikuwa juu ya ngazi, turubai zimetandazwa chini ya kila mti hadi Agareb.

Ami Mabruk alimsikiliza akiwa amesimama. "Jibu la kwanza lilisema safi."

"Lile la kwanza lilikuwa linakosea."

"Na hili?"

"Hili nalisimamia."

Alitazama nje mlangoni. Nilitegemea apaze sauti. Akasema, "Ningekuwa mimi ni mnunuzi, ningemwamini nani, mwenyekiti au chombo?" Akachukua kofia yake. "Nipeni siku chache nitazame ndani ya nyumba yangu."

Jumatatu, 23 Desemba

Amekuja mwenyewe, amevaa nguo za kwenda mjini. Mkwe wake, mwaka jana baada ya mafuta kukataliwa, alinunua mafuta ya mbegu ya kupikia ya familia nzima, akayahifadhi kwenye lile tangi bila kumwambia mtu. Msimu ulipoanza akayamwaga, hakuliosha hadi chini. Yaliyobaki yakachanganyika na mapya.

"Hakukusudia," alisema. "Lakini ningelipeleka mbele ya jopo na kuapa kwa kinywa changu." Ameyauza mafuta yote ya tangi hilo kwa watengeneza sabuni, kwa jina lake, na kila mwanachama ameambiwa sababu.

Alipokuwa anaondoka alisimama mbele ya Olfa. "Wewe ndiye uliyesema majibu mazuri ni mabaya?"

"Ndiyo, Ami."

"Mama yako ana bahati, na pia namhurumia."

Olfa akainama chini ya meza kutafuta parafujo.

6 Januari

Baridi. Zeituni zimebaki upande wa kaskazini tu.

Jumanne, 14 Januari

Jopo. Madamu alipanda jukwaani na jambo la kwanza alilolisema, kabla hajaulizwa, ni kwamba mwezi Desemba alitoa majibu yasiyo sahihi, na jinsi ilivyogundulika. Mjumbe mmoja akauliza kwa kejeli, basi wao wamwamini kwa lipi sasa. Madamu alimwita Olfa aeleze nusu duara ya pili. Alieleza kwa sahani mbili za vikombe alizozichukua mezani kwao, na kufikia mwisho yule mjumbe alikuwa ameinuka kwenye kiti ili aone vizuri.

Wanunuzi nao walipima chupa za ushirika kwa njia zao wenyewe. Mafuta ya Agareb yamekubaliwa. Ami Mabruk hakupiga kelele, aliketi kwenye ngazi za jengo akavua kofia, watu wakawa wanampita.

Mkono wa Madamu ulitetemeka juu ya meza muda wote ule mbele ya ukumbi mzima. Hakuuficha.

Ijumaa, 24 Januari

Mashine za Agareb zimezimwa leo. Chupa ya mwisho ya msimu imefika, na ni chupa ya mwisho ya Madamu hapa, maana muhula ujao amepewa likizo kabla ya kustaafu. Olfa alitaka Madamu ndiye abonyeze. Akabonyeza, vidole vikamkwama kidogo, halafu vikakubali.

Tukazima taa. Mlio mfupi, mlio mrefu, kimya.

Nilikuwa natazama skrini, Olfa alikuwa anatazama mkanda. Baadaye nikageuka kumwuliza Madamu jambo, nikaona hakuwa anatazama chochote kati ya hivyo. Alikuwa amekaa mikono mapajani, inatetemeka ipendavyo, amejiinamia kuelekea chupa yenyewe. Ndani ya mafuta mstari wa kijani ulikuwa umegeuka wekundu mzito, na kupitia kwenye kioo wekundu ule ulikuwa unafifia polepole, karibu kutoweka, halafu unarudi.

"Miaka yote hii nilikuwa nasoma namba," alisema. "Sikuwahi kupata nafasi ya kuuangalia mwanga wenyewe."

Duara likafika mwisho na mota ikasimama. Olfa akanyoosha mkono ili awashe taa.

"Ngoja," Madamu akasema. "Kizungushe tena."